Shule Ndogo za Sekondari za Kilutheri Zisihukumiwe kwa Vitanda Vitupu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu shule ndogo za sekondari zinazomilikiwa na dayosisi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Nazungumzia zile zenye mkondo mmoja kwa kila kidato, bweni moja la wasichana na moja la wavulana, na bwalo ambalo Jumapili asubuhi hupangwa viti na kuwa kanisa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanya katika shule ya namna hiyo. Sitaitaja jina, kwa kuwa ninayoyasema yanazihusu nyingi.

Kilichonisukuma kuandika ni hoja ambayo sasa inasemwa waziwazi na wazee wa kanisa, hasa mikutano mikuu ya dayosisi inapokaribia: kwamba shule isiyojaza madarasa yake ni mzigo kwa washarika, yaani waumini wa kila kanisa la mahali, kwamba ifungwe au iunganishwe na nyingine, na majengo yake yapangishwe au yageuzwe kuwa kituo cha semina. Nimekaa na wanaosema hivyo na kuwasikiliza. Ni watu wenye nia njema, na hesabu zao si za uongo. Ninachopinga ni kipimo wanachotumia.

Tuanze na hesabu hizo, maana anayezikwepa haaminiwi tena katika mengine. Shule yenye wanafunzi mia moja inahitaji mkuu wa shule, mhasibu, matroni, patroni, mpishi na mlinzi wa usiku, sawa na shule yenye wanafunzi mia nne. Mwalimu wa kemia anayefundisha wanafunzi ishirini hulipwa mshahara uleule ambao angelipwa kwa kufundisha arobaini na watano. Kwa hiyo kila idadi inaposhuka, gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja hupanda, na ada ikiongezwa ili kufidia pengo, wazazi wengine huwahamisha watoto na idadi hushuka tena. Nimehudhuria vikao vya bodi ambavyo ajenda ya mishahara ilimaliza siku nzima. Nimewahi kupokea mshahara wa Machi mwezi wa Juni, na nilikuwa na watoto wangu mwenyewe wa kulipiwa ada. Ugumu huu sikusimuliwa.

Wala si siri jinsi idadi ilivyoshuka. Kulikuwa na wakati ambapo mtoto aliyemaliza darasa la saba bila kuchaguliwa kwenda sekondari ya serikali alibakiwa na milango michache sana, na shule ya kanisa ilikuwa mmoja wa milango hiyo. Kuanzia 2004, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulizaa shule za kata kila upande wa nchi. Januari 2016 ada ikaondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na katika mwaka wa masomo wa 2022/2023 nafuu hiyo ikawafikia wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita. Hakuna Mkristo mwenye akili timamu anayeweza kuhuzunika kwa sababu mtoto wa maskini amepata dawati bila kulipa. Lakini ni lazima tuelewe kilichotokea: shule zetu zilijengwa kujibu swali la uhaba wa nafasi, na swali hilo limepata jibu mahali pengine. Sasa tunaulizwa swali gumu zaidi, yaani shule hizi zina nini ambacho mzazi hakipati penginepo. Anayetaka kuzifunga anadhani jibu ni kwamba hazina kitu. Ninajua kwamba zinacho.

Mwaka mmoja nilipokea kidato cha kwanza chenye wanafunzi ishirini na watatu. Miongoni mwao alikuwamo mvulana mmoja aliyekuja na sifa mbaya: mzembe, haandiki, huangalia daftari la jirani. Alama zake za hisabati za shule ya msingi zilikuwa za kukatisha tamaa. Wiki ya pili nilikusanya madaftari yote na kuyasoma ukurasa kwa ukurasa, kazi ambayo kwa wanafunzi ishirini na watatu humalizika kwa jioni mbili. Katika daftari lake niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Lilikuwa na kila nilichokuwa nimekisema kwa mdomo, neno kwa neno, tena kwa mpangilio mzuri. Na halikuwa na hata tarakimu moja niliyoiandika ubaoni bila kuisoma kwa sauti. Mtoto yule alikuwa haoni ubao. Alikuwa amesoma miaka saba kwa masikio, katika madarasa yenye watoto wengi kiasi kwamba mwalimu wake, ambaye simlaumu hata kidogo, hakuwa na jioni za kutosha kusoma madaftari yote. Matroni alimpeleka kliniki ya macho, mchungaji wa shule akawaendea wazee wa usharika wa jirani kuomba fedha za miwani, na kufikia likizo ya Juni mtoto alikuwa anasoma ubao kutoka kiti cha nyuma. Sitadai kwamba aliongoza darasa, kwa sababu hakuliongoza. Alifaulu hisabati kidato cha nne, na kwangu hilo lilitosha.

Hadithi hiyo siielezi ili kujisifu. Naieleza kwa sababu hakuna chochote ndani yake kinachohitaji mwalimu hodari kuliko wengine. Kilichohitajika ni daftari chache, matroni anayewajua wasichana na wavulana wote kwa majina ya nyumbani kwao, na usharika unaoiona shule kuwa mali yake. Udogo ndio uliotupa vitu hivyo. Ukiunganisha shule tatu za namna hiyo kuwa moja yenye wanafunzi mia tatu, utapunguza gharama kwelikweli, na utakuwa umeondoa kile kilichokuwa sababu ya mzazi kulipa.

Wapo wanaosema kanisa liiachie serikali elimu na kubaki na injili. Hali hiyo tumekwisha kuiishi. Baada ya Azimio la Arusha na siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za misheni chini ya serikali. Ilboru ya Arusha, ambayo ilianzishwa na wamisionari wa Kilutheri, leo ni shule ya serikali ya vipaji maalumu, na sioni ubaya wowote katika hilo. Watoto wa dini zote walikaa dawati moja, na nchi ilihitaji jambo hilo. Hata hivyo, milango ilipofunguliwa tena katika miaka ya 1980 na 1990, washarika wenyewe ndio waliodai shule zao. Walibeba mawe na mchanga kichwani baada ya ibada, walitoa mbuzi na ndizi zikapigwa mnada nje ya kanisa, na kwa fedha hizo wakaezeka madarasa. Mwaka 1992 serikali na makanisa yalitiliana mkataba wa ushirikiano katika afya na elimu, ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii. Majengo tunayotaka kuyapangisha leo yana jasho la watu ambao wengi wao bado wako hai na hukaa viti vya mbele kila Jumapili. Wajumbe wa mkutano mkuu wangefanya vema kuwauliza wazee hao kabla ya kupiga kura.

Ukirudi nyuma zaidi, utaona kwamba shule ndogo imo katika asili ya Ulutheri wenyewe. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani akiwataka waanzishe na kuzitunza shule za Kikristo. Aliwaambia kwamba ikiwa mji unatumia fedha nyingi kila mwaka kwa bunduki, barabara, madaraja na mabwawa, basi ni haki utumie pia kwa ajili ya vijana wake, uajiri mtu mmoja au wawili wanaoweza kufundisha. Nasisitiza hesabu hiyo: mtu mmoja au wawili. Hakuwa akiwaza taasisi kubwa. Alitaka wavulana wahudhurie shule saa moja au mbili kwa siku na muda uliobaki wajifunze kazi nyumbani, na akataka wasichana nao wapate muda wao wa shule, jambo ambalo kwa zama zile halikuwa la kawaida. Katika barua hiyohiyo alisema kwamba kama angekuwa na watoto, angewafundisha lugha na historia, na zaidi ya hizo kuimba, muziki na hisabati yote. Wakati huo alikuwa hajaoa. Mimi niliyefundisha hisabati maisha yangu yote nimeishika sentensi hiyo, hasa kwa sababu ameiweka hisabati pamoja na kuimba.

Niseme basi juu ya kuimba, kwa kuwa hapo ndipo wageni wengi huona tofauti ya shule zetu kwa mara ya kwanza. Kwaya ya shule ya Kilutheri huimba sauti nne, na sauti nne zinahitaji watu. Katika shule kubwa wanaochaguliwa ni wenye vipaji vilivyokwisha kuonekana. Waliobaki huwa wasikilizaji. Katika shule yenye wavulana arobaini, ukiondoa ambao sauti zao bado zinavunjika, tenori inabaki na watatu, na mmoja wao lazima awe yule mwenye haya ambaye hajawahi kusimama mbele ya watu. Hana pa kujificha. Anafundishwa kusoma noti, anakosea, wenzake wanamsubiri, na mwisho wa mwaka anasimama usharikani siku ya sikukuu ya mavuno na sauti yake inasikika. Ni vivyo hivyo kwa matarumbeta, urithi tulioachiwa na wamisionari wa Kijerumani na ambao vijana wetu wameufanya kuwa wao kabisa. Bendi ikiwa na tarumbeta nane na besi moja, anayepuliza besi hawezi kutoroka mazoezi, kwa kuwa asipokuwapo kila mtu anasikia pengo. Nimeona wanafunzi wengi wakijifunza uwajibikaji kwa chombo hicho kizito kuliko kwa hotuba zote tulizowapa mstarini.

Ibada ya asubuhi nayo ni darasa. Wanafunzi huiongoza kwa zamu: mmoja husoma neno, mwingine huanzisha wimbo, mwingine huomba. Ukiwa na wanafunzi mia moja, zamu inamfikia kila mmoja zaidi ya mara moja kwa mwaka, wala hakuna anayemaliza kidato cha nne bila kuwahi kusimama na kuzungumza mbele ya shule nzima. UKWATA, yaani Umoja wa Kikristo wa Wanafunzi Tanzania, huendeleza mazoezi hayo jioni za Ijumaa. Wanafunzi Waislamu tunao, na wa madhehebu mengine pia. Wazazi wao walituletea wakijua sisi ni nani, nasi tunao wajibu wa kuheshimu imani yao, kuwapa nafasi ya swala na kutowalazimisha kushika zamu za ibada yetu. Pale nilipofundisha hilo lilifanyika vizuri, na mmoja wa viongozi wa wanafunzi tuliowaamini kuliko wote, aliyeshika funguo za maktaba, alikuwa msichana Mwislamu.

Sasa niseme yaliyo mabaya, kwa sababu kuna shule ndogo ambazo udogo wao umekuwa kisingizio. Kwetu ajira mpya za serikali zilipotangazwa, mwalimu wa fizikia aliondoka ndani ya wiki moja, na nani angemlaumu, akiwa na uhakika wa mshahara na pensheni huko aendako? Kwa mihula miwili wanafunzi hawakuwa na mwalimu wa somo hilo. Nilijaribu kuwasaidia usiku, lakini mimi si mwalimu wa fizikia. Katika kemia tulikuwa na wanafunzi waliokariri mabadiliko ya rangi ya dawa ambazo hawakuwahi kuzigusa, kwa kuwa maabara ilikuwa chumba chenye meza na sinki lisilo na bomba. Mtoto wa namna hiyo ameonewa, na upendo wa matroni hauwezi kumlipa hasara hiyo. Anayeitetea shule ndogo na kulinyamazia jambo hili hawatendei haki wazazi.

Kuna kosa jingine linaloniuma zaidi kwa sababu nilishiriki. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani lilikuwa likitangaza shule kumi bora, na zetu zilipangwa katika kundi la zenye watahiniwa chini ya arobaini. Hesabu ya kundi hilo ni kali mno. Katika shule yenye watahiniwa mia mbili, anayefeli mmoja ni nusu ya asilimia. Katika yenye watahiniwa ishirini, ni asilimia tano. Uongozi wetu uliingiwa na hofu, na wanafunzi dhaifu wa kidato cha tatu walianza kushauriwa kwa upole wahamie kwingine kabla ya usajili wa mtihani. Nilikaa katika kikao kilichompa ushauri huo msichana mmoja, na sikupinga. Alikuwa mtoto wa mjane aliyeuza mboga, naye mama yake alitushukuru kwa kumtunza binti yake, jambo ambalo mpaka leo likinijia usiku hunikosesha usingizi. Shule iliyojengwa kwa ajili ya kumwona kila mtoto ilimwona yule na kumtoa nje ili wastani upande. Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora, na nililipokea tangazo hilo kwa furaha kubwa. Wazazi bado hukokotoa wenyewe na kusambaziana kwenye simu, lakini angalau bodi za shule sasa hazina sababu ya kumtoa mtoto kafara kwa ajili ya tangazo la siku moja. Ninaziomba bodi zote za shule zetu ziandike katika taratibu zao kwamba hakuna mwanafunzi atakayeondolewa kwa sababu ya alama, na zisiliache jambo hilo kwenye hiari ya mkuu wa shule aliyepo.

Kuhusu masomo ya sayansi, dawa ninayoiona haihitaji fedha nyingi. Shule zetu nyingi zina jirani, ama ya kanisa ama ya kata, ndani ya mwendo wa boda boda. Mwalimu mmoja wa fizikia anaweza kuhudumia shule mbili zenye mkondo mmoja kila moja bila kuzidiwa vipindi, na maabara moja iliyokamilika yenye bomba na vifaa ina thamani kuliko vyumba vitatu vyenye mabango ya "Maabara" mlangoni. Hili linadai wakuu wa shule waketi pamoja na kupanga ratiba moja. Najua wivu uliopo kati ya shule na shule, na hata kati ya jimbo na jimbo, hivyo nadhani ofisi ya elimu ya dayosisi lazima iliamuru badala ya kulipendekeza.

Nafasi mpya imefunguka pia, na nasikitika kuona hatuitumii. Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 chini ya Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, umeweka mkondo wa amali sambamba na mkondo wa jumla, ili kijana amalize sekondari akiwa na ujuzi wa kazi. Shule zetu ndogo zilikuwa na mashamba, ng'ombe wa maziwa, mizinga ya nyuki na karakana za useremala kabla neno hilo halijasikika, na tulivitumia zaidi kujilisha kuliko kufundishia. Aidha dayosisi nyingi zina vyuo vya ufundi vyenye walimu na mashine. Kwa nini chuo cha ufundi na sekondari, mali za mwenye nyumba mmoja, visishirikiane walimu? Amali haifundishwi vizuri kwa kundi la wanafunzi sitini wanaomtazama mmoja akipiga randa. Inataka kundi dogo, kila mmoja na ubao wake. Huu ni mkondo ambao shule kubwa zitahangaika nao, nasi tuna kundi la ukubwa unaofaa.

Na wapo watoto ambao shule kubwa ya kawaida haikuwafikia kamwe. Huko Monduli, Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Kilutheri ya MaaSAE ilianzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya wasichana wa jamii za wafugaji, ambao wengi wao wasingepita darasa la saba bila kuozwa. Shule hiyo haikuanzishwa kwa kuwa kulikuwa na soko. Kama waanzilishi wake wangengoja mpaka hesabu za mapato na matumizi zilingane, wasichana hao wangekuwa bibi zetu wasiojua kusoma. Sitaki kila shule iige MaaSAE, lakini kila dayosisi inaweza kujiuliza ni mtoto yupi katika eneo lake asiye na pa kwenda: mwenye ulemavu wa macho, aliyepata mimba na anataka kurudi shuleni, yatima anayelea wadogo zake. Tangu Novemba 2021 serikali inawaruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika mfumo rasmi, na wengi wao huogopa kejeli za madarasa makubwa. Tunavyo vitanda vitupu, nasi tunavihesabu kuwa hasara.

Fedha zitatoka wapi? Naomba nijibu kwa mfano wa mwalimu wa hisabati. Tuseme dayosisi ina sharika sitini na shule yenye vitanda hamsini visivyo na mtu. Kila usharika ukichukua ada ya mwanafunzi mmoja tu, kwa bahasha na kwa mnada wa Jumapili moja katika mwezi, vitanda vyote vinajaa na wanabaki watoto kumi wa kutwa. Usharika wa mjini utaweza kubeba wawili, wa pembezoni utachangia nusu kwa mahindi na maharage yatakayoliwa bwaloni. Sharti langu ni moja, nalo si jepesi: hesabu za shule zisomwe hadharani kwa wazazi na kwa sharika zinazochangia, kila muhula, pamoja na madeni ya mishahara. Washarika wetu hawajachoka kutoa. Wamechoka kutoa bila kuambiwa kilikokwenda. Mwaka ambao mhasibu wetu alibandika mapato na matumizi kwenye mlango wa bwalo, mazungumzo ya ada na wazazi yalibadilika kabisa, na baadhi yao walilipa madeni ya miaka miwili nyuma.

Kwa hiyo ninaiomba mikutano ya dayosisi isipitishe azimio la kufunga au kuunganisha shule yoyote kabla ya kuipa miaka mitatu ya kujaribu mambo haya, ikiwa na mpango ulioandikwa na msimamizi anayejulikana kwa jina. Na kabla ya kupiga kura, wajumbe waende wakaone. Wasiende siku ya mahafali, maana siku hiyo kila shule hupendeza. Waende siku ya kawaida, saa mbili usiku, wakati wa masomo ya jioni, bila kutoa taarifa. Wamkute mwalimu wa zamu, wasimame naye mlangoni mwa darasa, wamwombe awataje wanafunzi waliomo mmoja mmoja, kila mtoto na kwao na somo linalomsumbua, bila kufungua daftari la mahudhurio. Akiweza, waongee naye juu ya mshahara wake. Akishindwa, basi shule hiyo ni ndogo kwa idadi tu, na mimi sitaitetea.

Wako katika utumishi,
Mwalimu mstaafu na msharika wa KKKT